Mfano wa Chombo kama Shahidi wa Historia

Neno mfano lina kazi tatu katika lugha yetu. Ni kisa kitolewacho ili kufundisha. Ni kielelezo kitajwacho ili kuthibitisha hoja. Tena ni umbo dogo la kitu kikubwa, lililofanyizwa kwa mikono ili macho yakione kwa karibu kile ambacho kwa ukubwa wake, au kwa umbali wake, au kwa kutoweka kwake, hakionekani. Maana hii ya tatu ndiyo tutakayoishughulikia hapa. Watu wengi huiona kazi ya kuunda mifano ya vyombo kuwa ni mchezo wa watoto au burudani ya wastaafu, na mwanahistoria hupita mbele ya kabati la makumbusho lenye jahazi dogo pasipo kusimama. Walakini viko vyombo vilivyosafiri katika bahari hii kwa karne nyingi, na leo ushahidi wao mwema ni ule mdogo uliomo kabatini. Basi yafaa tuulize: je, mfano waweza kuitwa mbele ya baraza la historia ukatoa ushahidi? Na ukiutoa, tuuamini kwa kadiri gani?

Swali hili nalileta katika milango ya Mto Rufiji, kwa sababu mahali hapo panatupa vyombo vitatu vinavyotofautiana kwa ushahidi wao. Cha kwanza kimeacha jina tu. Cha pili kimeacha mifano. Cha tatu kimeacha michoro, vipimo, picha na hata mizinga yake. Kisha tutaongeza cha nne ambacho hakikupata kuwako popote, yaani roketi ya hadithi za kubuni, ambayo watu wa mbali huiunda mezani kwa bidii ileile. Maana shahidi wa kitu kisichokuwako hutufundisha mengi juu ya ushahidi wenyewe.

Tuanze na mahali. Mto Rufiji, unapokaribia bahari, hugawanyika katika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo yameota mikoko katika eneo la hekta zaidi ya 50,000. Sehemu kubwa ya visiwa na vijito hivyo sasa imo katika Wilaya ya Kibiti. Wenyeji hawasemi mikoko kwa jumla kama asemavyo mgeni. Wao hutaja mkoko, msinzi, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi na msikundazi, kila mti kwa kazi yake: huu wa boriti za nyumba, huu wa mataruma ya chombo, huu wa mlingoti, huu wa kuni. Boriti za Rufiji zilipelekwa Unguja na Arabuni kwa vizazi vingi, na upana wa vyumba katika nyumba za kale za mawe ulipimwa na urefu wa boriti ambayo mti wa mkoko ungeweza kuitoa. Mahali penye miti ya namna hiyo, na maji ya kupwa na kujaa yaingiayo mpaka mlangoni mwa nyumba, hapawezi kukosa mafundi wa vyombo.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika Kiyunani, alitunga kitabu cha kuwaongoza wasafiri wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, nacho kinajulikana kwa jina la Periplus. Humo ametaja mji wa mwisho wa biashara katika pwani hii, Rhapta, wenye pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa wingi. Na amesema kwamba mji huo ulipata jina lake kwa vyombo vilivyoshonwa, kwa maana katika Kiyunani neno hilo linatokana na kitendo cha kushona. Ptolemaio naye aliuweka mji huo karibu na mto wenye jina kama hilo. Wataalamu wamebishana sana juu ya mahali pake. Mwaka 1999 mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza habari za shanga za Kirumi zilizofukuliwa karibu na Kibiti, na tangu hapo dai la Rufiji limepata nguvu, ingawa si wote waliokubali.

Tazama basi hali ya shahidi wetu wa kwanza. Tunajua kwamba chombo kilishonwa. Hatuambiwi kilishonwa kwa uzi gani, kilikuwa na mbao ngapi, kama kilikuwa na tanga au kasia tu. Mji mzima uliitwa kwa sifa ya chombo, na chombo chenyewe hakikuacha hata ubao mmoja. Mbao na kamba huoza katika matope ya kupwa na kujaa; shanga ya kioo hubaki. Kama mtu mmoja wa Rhapta angalimchongea mwanawe kidau kidogo cha udongo wa kuchoma, na kidau kile kikafukiwa pamoja na shanga zile, leo tungejua juu ya uunzi wa vyombo wa zama hizo zaidi ya yote tunayoweza kuyasoma katika Kiyunani.

Chombo cha pili ni mtepe. Huu nao ulikuwa chombo cha kushonwa, na sifa yake ilikuwa kubwa hasa katika visiwa vya Lamu na kwa Wabajuni, walakini safari zake ziliufikisha mbali kusini, nao ulikuwa miongoni mwa vyombo vilivyobeba boriti za mikoko kwenda Unguja. Mbao zake zilifungwa pamoja kwa kamba za makumbi ya nazi, pasipo misumari ya chuma. Ulikuwa na tanga moja la mraba lililosukwa kwa miyaa. Na omo yake ilinyanyuka mbele kama shingo ya ngamia. Chombo kilichoshonwa hulegea kidogo kinapopigwa na wimbi au kinapopandishwa juu ya mchanga, na ulegevu huo humwokoa pale ambapo chombo cha misumari kingepasuka. Lakini kila tundu la kamba ni njia ya maji, na mtepe ulijulikana kwa kuvuja. Mabaharia wake walifua maji usiku na mchana.

Mtepe ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Waandishi waliowahi kuueleza ni wachache. C. J. W. Lydekker alichapa maelezo mafupi juu ya mtepe wa visiwa vya Wabajuni mwaka 1919, James Hornell aliandika kwa urefu zaidi mwaka 1941, na A. H. J. Prins alipotoa kitabu chake juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965, mtepe ulikuwa umekwisha kuwa habari ya wazee. Kilichobaki pamoja na maandishi hayo na picha chache ni mifano: midau midogo iliyoundwa na mikono ya watu waliouona mtepe wenyewe majini, na ambayo baadhi yake imehifadhiwa katika makumbusho, mathalani ile ya Lamu.

Sasa shahidi amesimama mbele yetu, na yatupasa kumhoji kwa adabu na kwa uangalifu. Mfano wa mtepe husema kweli katika mambo ambayo maandishi husitasita. Mwandishi anaweza kusema omo ilikuwa kama shingo ya ngamia, na wasomaji kumi wakafikiri shingo kumi. Fundi wa mfano hawezi kusitasita, kwa maana ni lazima akate mti, na akikata amekwisha kusema. Mfano hueleza jinsi tanga lilivyofungwa kwenye foromali, mahali pa usukani, na mpangilio wa kamba zilizoshika mlingoti. Mkono wa fundi hukumbuka mambo ambayo ulimi wake haukupata kuulizwa.

Katika mambo mengine, hata hivyo, mfano hauna budi kusema uongo, japokuwa fundi wake ni mkweli. Uzi haupunguki kwa kipimo kilekile cha ubao. Chombo chenye mishono mia kadhaa kila upande, kikifanywa kidogo mara ishirini, hakiwezi kushonwa mishono mia kadhaa kwa kamba ya makumbi; basi fundi hushona michache, minene, na mtazamaji asiyejua huondoka akidhani mishono ya mtepe ilikuwa michache. Kadhalika na nguvu. Urefu ukipunguzwa mara 10, eneo la tanga hupungua mara 100, na ujazo wa chombo hupungua mara 1,000. Kwa hiyo mfano ukiwekwa majini hauendi wala hauyumbi kama chombo ulichokiiga. Na jambo kubwa kuliko yote, mfano hauvuji. Umekaa kabatini mkavu, mzuri, na ile kazi ya usiku na mchana ya kufua maji, ambayo ndiyo iliyokuwa maisha ya mabaharia wa mtepe, haimo.

Mwaka 2003 huko Unguja uliundwa mtepe mzima, ukapewa jina la Shungwaya, ukawekwa katika makumbusho ya Beit al-Ajaib. Kwa kuwa hapakuwa na mtepe wa kuigwa, njia pekee ilikuwa kurudi kwenye mifano, picha na maandishi. Hapo kawaida ya dunia iligeuka: kwa desturi chombo kikubwa huzaa kidogo, na safari hii kidogo kikazaa kikubwa. Jambo hili latosha kuwajibu wale wanaoita mifano mchezo. Nayo Beit al-Ajaib, jumba la mawe lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati likitengenezwa, na watu wakapoteza maisha. Tujifunze hapo kwamba jumba la mawe nalo halina ahadi ya milele, na ya kuwa ushahidi uliowekwa mahali pamoja tu umewekwa rehani.

Chombo cha tatu kiliingia Rufiji kwa sababu ya vita. Manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye urefu wa meta 115 na mizinga mikuu 10 ya sentimeta 10.5, ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliivamia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha nahodha wake, Max Looff, akaificha ndani ya mikono ya Rufiji karibu na Salale. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuifuata katika maji haba. Ilibidi ziletwe manowari mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa mito ya Brazil, na eropleni ziruke kutoka Mafia kuonyesha mahali zinapoanguka risasi. Shambulio la kwanza lilikuwa tarehe 6 Julai 1915. La pili, tarehe 11 Julai, lilimaliza kazi, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake ilitolewa majini na kupigana nchi kavu pamoja na jeshi la Lettow-Vorbeck. Mmoja unaonekana hata leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Mabaki ya chuma yalionekana mtoni kwa miaka mingi, yakakatwakatwa na kuzama katika matope hata kufikia miaka ya 1960.

Huyu ni shahidi mwenye karatasi. Kwa kuwa michoro na picha za manowari hii zipo, waunda mifano wa Ulaya na kwingineko wanaweza kuifanyiza kwa uhakika. Kwa kipimo cha 1 kwa 350 huwa na urefu wa sentimeta 33 hivi, nayo huonyesha kila bomba la moshi na kila mashua. Ingedhaniwa kwamba hapa hatuna la kuuliza. Lakini tazama ni Königsberg ipi wanayoiunda: mara nyingi ni ile ya bahari kuu, iliyopakwa rangi safi siku za amani. Ile ya Rufiji, iliyofunikwa matawi ya mikoko, yenye mabaharia wagonjwa wa homa, iliyokosa makaa ya mawe, ikizungukwa na vijiji ambavyo watu wake hawakuulizwa kama wanataka vita, ni ngumu kuiweka mezani. Michoro ya kiwanda inajua kila msumari wa manowari, wala haijui Salale. Wingi wa ushahidi nao waweza kuficha.

Juu ya meza hizohizo za Ulaya, Marekani na Japani, kando ya manowari, imo mifano ya vyombo ambavyo havikupata kuwako. Ni roketi za hadithi: ya filamu ya Fritz Lang, Frau im Mond, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1929, ya filamu ya Kimarekani, Destination Moon, ya mwaka 1950, na ile yenye miraba myekundu na meupe ya safari za Tintin kwenda mwezini, ambazo Hergé alianza kuzichora mwaka 1950. Mifano hiyo huuzwa vipande vipande, na mingi hufanyizwa kwa rezini, yaani utomvu wa viwandani. Fundi huchonga kwanza umbo la asili, hulimwagia mpira wa silikoni ili apate kalibu, na ndani ya kalibu humimina vimiminika viwili ambavyo vikichanganyika huganda katika dakika chache. Kalibu huchakaa baada ya kumimina mara makumi machache, ndiyo sababu mifano hii ni adimu. Mnunuzi naye ana kazi yake: kuviosha vipande kwa sabuni ili rangi ishike, kukata vishina vya kumiminia, kuziba matundu ya mapovu, kusugua kwa msasa uliolowa maji kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu, na kuunga kwa gundi kali, maana gundi ya plastiki ya kawaida haiishiki rezini.

Msomaji wa pwani atakumbuka hapa kwamba utomvu si mgeni kwetu. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa ardhini nyuma ya pwani hii, Rufiji ikiwamo, ikapitia Unguja kwenda mpaka Salem huko Marekani, ambako ilifanywa vanishi ya kung'arishia magari ya farasi na samani. Kemia ya karne ya 20 iliufanya utomvu usiohitaji mti wala mchimbaji, na biashara ile ikafa. Kalibu ya silikoni hujazwa na mjukuu wa kiwandani wa sandarusi.

Je, mfano wa roketi ya filamu ni mwaminifu kwa nini? Roketi tuionayo katika Frau im Mond yenyewe ilikuwa mfano, uliopigwa picha ili uonekane mkubwa. Aundaye leo huunda mfano wa mfano. Hergé naye, ili chombo chake kisibadilike kutoka ukurasa hadi ukurasa, aliagiza mfano wa roketi, akaupeleka Paris kwa mtaalamu Alexandre Ananoff aukague. Hapa mfano ulitangulia, na chombo hakikufuata. Walakini ushahidi wake si bure. Mshauri wa filamu ya 1929 alikuwa Hermann Oberth, mtaalamu wa roketi. Na roketi ya kijeshi ya Kijerumani iliyofaulu kuruka kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 1942 ilikuwa imechorwa nembo ya filamu hiyo. Ndoto ya mwezini ilikuwa imekwisha kugeuzwa silaha. Miaka 25 baadaye, tarehe 26 Aprili 1967, roketi ya kweli yenye setilaiti ya Kiitalia iliruka kutoka jukwaa la San Marco katika maji ya Ngomeni, karibu na Malindi; na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa hapo setilaiti iliyoitwa Uhuru. Mfano wa roketi ya hadithi hutoa ushahidi juu ya watu, yaani juu ya waliotamani na walichokitamani, kabla chuma hakijaitii tamaa yao.

Kutokana na vyombo hivi vinne naona maswali matatu yampasayo mwanafunzi wa historia kila asimamapo mbele ya mfano. La kwanza: aliyeuunda alikijua chombo kwa mkono, kwa jicho, au kwa masikio tu? La pili: aliuunda kwa ajili ya nani? Kwa maana mfano wa mtoto wa kuelea majini hutunza mwendo na husahau pambo, na mfano wa kumuuzia mgeni hutunza pambo na husahau mwendo. La tatu: ni kitu gani kilichokataa kupunguzwa? Uzi, uzito, uvujaji na jasho havipunguki kwa kipimo, na palipo na mambo hayo ndipo mfano unyamazapo.

Maswali haya si ya vyombo vilivyokufa peke yake. Katika milango ya Rufiji, Mafia na Kilwa bado yako majahazi, mashua, mitumbwi na ngalawa ziundwazo kwa shoka, tezo na kekee, na mafundi ambao hawachori kitu karatasini. Umbo la chombo limo katika jicho la fundi, naye hulirithisha kwa kumsimamisha kijana kando yake. Pamoja nao zimeingia boti za faibagilasi, ambazo ni rezini iliyowekwa juu ya nyuzi za kioo ndani ya kalibu. Silaumu boti hizo; mvuvi anayezipenda kwa wepesi wake na kwa kuwa haziliwi na fukusi ana haki yake. Lakini tuelewe tofauti. Umbo lililomo katika kalibu hurudiwa lilivyo hata na mtu asiyelielewa. Umbo lililomo katika jicho hufa pamoja na jicho, isipokuwa limepata mrithi au limepata mfano.

Kwa hiyo naona kazi mojawapo ya idara zetu za historia na za lugha ni kuwaendea mafundi hawa wangali hai, na kuwaomba, kwa malipo ya haki, kila mmoja aunde mfano wa chombo anachokijua, kwa kipimo kilichoandikwa, kwa miti ileile. Pamoja na kila mfano liwekwe daftari la maneno ya fundi: jina la kila ubao, sababu ya kila mkunjo, na hasa mambo yale ambayo mfano hauwezi kuyasema, kama vile chombo kinavuja wapi, kinalia vipi katika upepo wa kusi, na kinachosha mkono gani. Mifano hiyo isiwekwe pamoja katika jumba moja. Mmoja ubaki Dar es Salaam, na mwenzake ubaki Kibiti, mahali mtoto wa fundi anapoweza kuugusa.

Watu wa Rhapta waliushona mji mzima katika jina la chombo, na hatujui chombo chao kilifananaje. Nao hawakuwa wavivu kuliko sisi. Hakuna aliyewaendea kuwauliza, ila mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na haraka ya kurudi kwao na pembe zake. Sisi hatuna haraka hiyo, na tunaowauliza ni jirani zetu.